Nyumba Isiyofukiza Udi

Saa kumi na dakika ishirini alasiri taa za ukumbi zilizimwa na filamu ikaanza. Tulikuwa tumekaa safu ya mwisho, mimi na mdogo wangu, karibu na mlango, mahali ninapopachagua kila tunapotoka pamoja. Sasa ana mvi nyingi kuliko mimi. Filamu yenyewe ilihusu familia inayolea mtoto mwenye usonji, na nilimchukua kwa kuwa nilidhani, kwa umri tuliofikia, tunaweza kukaa pamoja tukatazama hadithi inayofanana na yetu. Kabla jina la filamu halijatokea, mama mmoja alikuja kukaa mbele yetu. Abaya yake ilikuwa imetoka kufukizwa udi. Mdogo wangu akaleta mkono wa kanzu puani, na mimi tangu hapo sikuitazama tena filamu vizuri. Nilikuwa nimesharudi Sidab, mtaa wa utoto wetu huko Maskati.

Nyumba yetu ya Sidab ilikuwa na sebule moja ndefu, jiko, vyumba viwili na ua mdogo nyuma. Mlango wa mbele ulifunguka kwenye uchochoro mwembamba, watu wawili wakikutana ilibidi mmoja ajibanze ukutani. Wazee wetu walikuwa wametoka Unguja, kwa hiyo ndani tulizungumza Kiswahili na nje Kiarabu, na bibi alivichanganya vyote viwili katika sentensi moja bila kujali nani anamsikiliza. Asubuhi alipika vitumbua. Kikaango kimoja kilikuwa cha watu wote, chenye hiliki, na kingine kidogo kilikuwa cha mdogo wangu, kisicho na hiliki, kwa sababu akiisikia harufu yake hali kitu mpaka siku ya pili.

Mdogo wangu alikuwa akikaa uani, chini ya kiyoyozi cha dirishani. Maji yalidondoka kwenye kopo la maziwa ya unga, naye akiyasikiliza. Kopo likijaa, kazi yangu ilikuwa kulimwaga upesi na kulirudisha palepale, maana sauti ya tone la kwanza kwenye kopo tupu ndiyo iliyomfurahisha kuliko zote. Alizungumza maneno machache, na hayo machache aliyasema kwa bibi.

Nimetazama filamu nyingi za namna hii. Nimezitafuta mwenyewe, nikazitazama nyumbani sauti ikiwa chini, kama nilivyovisoma mwenyewe vitabu vinavyoeleza hali hii, bila ya mwalimu. Karibu zote humpa mtoto kipaji. Anajua hesabu kupita walimu wake, au anachora mji mzima baada ya kuuona mara moja. Mdogo wangu hakuwa na kipaji cha kuonyesha watu. Alikuwa na kopo lake. Na mama wa filamu hizo huwa hana mtu. Anapambana na dunia, halafu dunia inamwelewa zikibaki dakika chache filamu iishe. Mama yangu hakupambana na mtu. Alipunguza vitu nyumbani, kimoja baada ya kimoja, kama mtu anayepunguza chumvi kwenye chakula cha mgonjwa, na kitu kikubwa alichokiondoa kilikuwa udi.

Kama wewe ni mtu wa Maskati sina haja ya kukueleza uzito wake. Mgeni hupewa kahawa, hupewa halwa, na mwisho chetezo huletwa na makaa na udi juu yake, kila mtu ajifukize nguo. Hapo ndipo anapojua kuwa sasa anaweza kuaga. Lakini mdogo wangu moshi ule ulikuwa ukimuumiza. Alikuwa akijiuma mkono, akipiga kichwa ukutani, na mara moja alitoka mbio mpaka barabara kuu, akarudishwa na mtu asiyemjua huku damu ikimtoka gotini. Siku ile mama alikiweka chetezo juu ya kabati. Majirani hawakuambiwa lolote, ila walielewa. Bibi alipoanza kukusanya finjani, wao walisimama wenyewe, wakavaa viatu wakaenda. Kwa muda mrefu ikawa hivyo, na mtaani hapakuwa na aliyeuliza.

Mpaka alipoposwa dada yetu mkubwa.

Watu wenyewe walikuwa wa Sib, mbali na mtaa wetu, watu wazuri, na dada alimtaka kijana wao. Sote tulilijua hilo ingawa halikusemwa. Ami alishauri mdogo wangu apelekwe kwa shangazi siku ile. Mama alikataa, kwa sababu mdogo wangu alishawahi kupelekwa, na aliporudi alikaa muda mrefu hata kwa bibi hasemi. Basi akabaki uani na kopo lake, na mimi nikapewa kazi ya kukaa naye mlango ukiwa wazi kidogo, kwa hiyo niliyaona yote.

Wageni walikuja baada ya sala ya alasiri. Walikula sambusa, walikula mkate wa ufuta, walikunywa kahawa. Maneno ya posa yalikwenda vizuri na watu wakacheka. Bibi akakusanya finjani. Wageni hawakusimama. Bibi akadhani wamenogewa, akazirudisha, akamimina tena. Wakanywa, wakatikisa finjani kuonyesha wametosheka, wakakaa. Mazungumzo yakaisha. Mama yake kijana akawa anatazama mlango wa jiko, na wenzake nao wakawa wanautazama. Mimi ndiye niliyetambua mwanzo, nadhani, kwa kuwa nilikuwa mtoto na sikuwa na la kuzungumza: walikuwa wakisubiri udi. Hawakujua namna ya kuondoka bila huo udi.

Bibi akaingia jikoni. Nilimsikia akimwambia mama, kwa sauti ya chini, "Mwanangu, niwashe kidogo tu. Hawa watatusema Oman nzima."

Mama akasema, "Nna watoto watatu, si wawili."

Jua lilikuwa linapungua na wageni wamekaa. Kuwaeleza ingekuwa kusema mbele ya wageni kitu ambacho wakati ule hakikuwa na jina, isipokuwa majina mabaya.

Mlango wa chumba ukafunguka, akatoka dada. Mchumba hatoki mbele ya wanaokuja kumposa, hasa kama hajaitwa. Akapita jikoni, akashusha chetezo kutoka juu ya kabati, akachota makaa kwenye jiko la bibi, akaivuka sebule yote na makaa yake na udi ungali mkononi, haujawekwa. Akatoka mlango wa mbele. Huko uchochoroni ndiko alikouweka, akasimama na chetezo mikononi kuwangoja.

Wageni wakamfuata mmoja mmoja, wakijibanza ukutani. Mama yake kijana alikuwa wa mwisho.

"Siku hizi tunafukizwa njiani," akasema, "kama waliotoka mazikoni?"

"Ndani mna mtu asiyestahamili moshi, mama," dada akamjibu. "Samahani."

Yule mama hakufungua shela yake juu ya chetezo. Alipita, akapanda gari. Jibu lilikuja baada ya muda, kwa mtu wa kati, kwamba kijana bado ana masomo. Dada alilipokea huku akikunja nguo, akamaliza kuzikunja.

Aliolewa baadaye, na mtu wa Qantab. Mama yake huyo alipokuja kuposa, alisimama uchochoroni kwenye jua kali akajifukiza mpaka ndani ya mikono ya nguo, wala hakuuliza kitu. Kwa hivyo sikusimulii msiba. Lakini niliuona uso wa dada siku ile ya Sib, na sijauona kwenye filamu hata moja.

Bibi hayupo, na mama hayupo. Nyumba ya Sidab iliuzwa, na sijui aliyeinunua anafukiza wapi. Hali ya mdogo wangu ina jina sasa, ina madaktari na vituo, nami nashukuru. Mtaa uliokuwa ukisimama finjani zikikusanywa, bila ya kuambiwa neno, huo sijui mtu ataupata wapi. Siku hizi udi uko kwenye lifti, uko madukani, uko kwenye safu ya mbele, na hakuna uchochoro wa kuutolea.

Kwenye filamu, mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaongozwa kwenye piano, na ukumbi mzima wa humo filamuni unamngoja. Mdogo wangu akasimama. Nikasimama naye. Tulitoka nje, tukaenda nyuma ya jengo ambako viyoyozi vinadondosha maji, akakaa kitako karibu na maji yale mpaka akaushusha mkono wa kanzu kutoka puani.

Usiku dada alipiga simu kuuliza filamu iliishaje. Nikamwambia hatukufika mwisho, mbele yetu palikuwa na udi.

"Tiketi mlilipa ngapi?"

"Riali saba."

"Si nyingi," akasema, "hizo riali saba."