Bastola Iliyoikubali Mikono ya Bibi Opal

Nimetangatanga sana, nikichuma matufaha hapa na kuziba ua wa mtu kule, hadi miguu iliponigomea kwenye milima ya Tennessee, nyuma ya nyumba ya Bibi Opal Ledbetter. Alinipa kibanda cha magurudumu alichokuwa akiwindia marehemu mumewe, akasema nikae mpaka nichoke. Sijachoka bado.

Mikono ya Opal ilikamua ng'ombe maisha yake yote, vidole vikapinda kama tangawizi. Mwishoni mwa kiangazi mtu alijaribu kuvunja mlango wake wa jikoni, mchana kweupe, mwenyewe akiwa ndani anamenya maharage. Alipiga kelele, mtu akakimbia. Mimi nilikuwa kijitoni na sikusikia kitu. Masikio yangu siku hizi ni pambo tu.

Binti yake Darla akapiga simu kutoka mjini. "Mama, ama uwe na kitu cha kujilindia na ujue kukitumia, ama tuuze nyumba kabla ya theluji uje ukae kwangu. Na nitakuja kuona kwa macho yangu."

Opal hakuwahi kushika bastola. Dukani muuzaji alimtolea moja ndogo, ya rangi ya waridi. "Hii ndiyo ya akina mama, Bibi. Nyepesi kama kijiko." Akaipenda. Hata mimi niliiona nzuri.

Tulikwenda nyuma ya banda, penye ukingo mrefu wa udongo. Risasi ya kwanza ikamchuna ngozi pale kati ya kidole gumba na cha shahada. Ya pili aliipiga kafumba macho, ikaenda ijuako yenyewe. Akaiweka juu ya gogo, mdomo wa bastola ukielekea udongoni.

"Mzee, niletee maboksi," akaniambia. "Nimeshindwa na kitu cha ukubwa wa sabuni."

Jioni ile akaanza kufunga sahani zake katika magazeti. Nami nikatazama kibanda changu.

Jumapili, kwenye chakula cha baada ya ibada, Wilma Jean, mke wa mchungaji, akauona mkono uliofungwa kitambaa. Opal akasimulia.

"Ya waridi?" Wilma Jean akauliza.

"Alisema ni nyepesi."

"Nyepesi kubeba, shoga. Uzito ndio unaomeza teke la bastola. Kila mwanamke hapa ameshanunua hiyo mara moja. Yangu iko kwenye droo na ndoano za mapazia."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Opal naye akacheka, kidogo.

Jumamosi wakaja kina mama kadhaa wa kanisani, kila mmoja na ule mfuko wa kitambaa kinene wa kubebea chakula cha moto. Mate yakanijaa. Mfuko mmoja kweli ulikuwa na kuku. Mingine ilikuwa na bastola, zote zimetolewa risasi.

"Mchungaji anajua?" nikamuuliza Wilma Jean.

"Anajua. Ameomba tu nisimlenge yeye."

Akampa Opal yake ya sasa, nzito, ya gurudumu la risasi linalozunguka. Ilitulia mkononi vizuri, lakini kidole kikakwama katikati, kifyatulio hakikufika mwisho. Akapewa nyingine, ile aina ya kuvuta chuma cha juu nyuma ili risasi iingie. Chuma hakikuvutika. Ya tatu, vilevile.

"Mnaona?" Opal akasema. "Mikono imekufa."

Mmoja wao, Fern Oakes, alikuwa bado anakula kuku wake. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kuliko vya Opal. Akajifuta mafuta.

"Haijafa, we unavuta tu. Usivute. Kishike chuma kitulie, halafu huu mkono wa mpini usukume mbele, kama unamsukuma ng'ombe asiyetaka kuingia zizini. Na ushike yangu hii. Si kubwa, si ndogo, spiringi yake laini. Niliinunua mikono iliponisaliti."

"Risasi zake si ndogo?" mmoja akauliza.

"Ndogo inayompata mtu ni bora kuliko kubwa inayoua miti."

Opal akasukuma. Chuma kikateleza kama droo iliyopakwa nta. Ikajazwa risasi, akalenga, macho wazi, na sahani ya bati waliyoisimamisha ukingoni ikalia.

"Niuzie," akasema papo hapo.

"Yangu siuzi. Nenda dukani ukatafute pacha wake."

Akaenda, akaongeza pesa kidogo, akabadilishiwa ile ya waridi. Akanunua na kisanduku cha kufuli, maana wajukuu huja. Alifanya mazoezi mpaka ndege wakahama banda.

Darla alipokuja, Opal alijaza bastola, akapiga sahani ya bati, akatoa risasi, akafunga kisanduku.

"Na kidole, Mama?" Darla akauliza.

"Kinakaa nje ya kifyatulio mpaka niwe nimeamua. Nami naomba nisiamue kamwe."

Darla aliingia jikoni, akafungua boksi, akaanza kutoa sahani kwenye magazeti na kuzirudisha kabatini, moja moja.

Jumapili Opal akasimama kanisani kutoa ushuhuda. "Namshukuru Mungu kwa mikono mibovu ya Fern."

"Mshukuru na spiringi," Fern akajibu kutoka nyuma.

Mtu yule wa mlango wa jikoni hajarudi. Kesho yake asubuhi Opal alinigongea kibanda, akanikabidhi jembe na kikapu cha vitunguu saumu. Vitunguu hivyo hupandwa majani yakianza kupukutika, na kuvunwa kiangazi kinachofuata.

"Panda vingi, mzee," akasema. "Na vya kwako uviweke humo humo."