Mzinga Ulipobadili Sauti

Nilipokuwa mtoto huko Kasekese, kazi yangu siku ya kurina asali ilikuwa kusikiliza. Baba yangu, Sitafano, alipanda mninga kwa kamba, na mwenge wa moshi mkononi. Mimi nilikaa chini na kuusikiliza mzinga uliotundikwa juu. Ukinguruma kwa sauti nene, aendelee. Ukilia kwa sauti nyembamba, nimwite ashuke.

Sisi Wabende tuliamini kwamba nyuki wanaijua nyumba yenye ugomvi. Wakimgeukia mrinaji, mke aliyegombana naye asubuhi hurudishwa kwao. Na asubuhi ile mama yangu, Tereza, alikuwa amegombana na baba kwa ajili ya chumvi. Niliyewasikia ni mimi tu.

Chini ya mti tulikuwa watatu: mimi, baba mkubwa Anselmo, ambaye hakukubali mila ivunjwe, na mjomba Petro, mdogo wake mama.

Baba alipoingiza mkono mzingani, sauti ikaanza kupanda.

"Vipi huko chini?" akauliza.

Nikisema, mama anaondoka. Nikinyamaza, baba yuko juu kabisa na kamba moja. Sauti ikazidi kupanda hadi meno yakaniuma.

"Imekuwa nyembamba, baba. Shuka."

Alishuka akiteleza, nyuki wamemjaa kichwani. Mwenge ulitangulia kuanguka. Tulikimbia mpaka kijitoni, na hapo baba mkubwa akanishika bega.

"Mwanangu, nyumbani mliamkaje leo?"

Mjomba Petro akachuchumaa kati yetu, akatoa kitana chake cha mti.

"Huyu naye," baba mkubwa akasema. "Umekuja kurina au kuposa?"

Mjomba hakumtazama. "Sikiliza, mjomba," akaniambia. Akapitisha ukucha kwenye meno ya kitana polepole: tak, tak, tak. Kisha haraka, na milio ile ikaungana ikawa sauti moja nyembamba. "Kitana kimekasirika?"

"Hapana. Umepitisha haraka."

"Ndivyo lilivyo bawa la nyuki. Likipiga polepole, sauti nene. Likipiga haraka, nyembamba. Wameguswa, wakapiga haraka. Dada yangu hayumo humo."

"Na kwa nini wapige haraka leo?" baba mkubwa akauliza.

Tulimtazama baba. Midomo ilikuwa imemvimba, akasema kwa shida, "Moshi uliniishia."

Baba mkubwa akaniachia bega. Jioni mama alimtoa baba miiba ya nyuki, mmoja mmoja, na hakuna aliyeitaja chumvi.

Sasa naishi Shanwe, mjini Mpanda. Wajukuu wakiniuliza kwa nini mbu analia kwa sauti nyembamba kuliko nyuki, nawaeleza kwa kitana, nao wanaelewa upesi. Jambo moja siwaelezi. Mwenge wa baba ulianguka mbele yetu siku ile, na ulikuwa bado unafuka moshi mzito. Baba mkubwa alikuwa amesimama karibu nao kuliko mimi, na moshi ule aliuona.