Nililia Mbele ya Kamera

Mnicheke tu. Tangu televisheni ziingie mtaani kwetu Buhongwa, kila kijana anataka kuigiza, na mimi ndiye wa mbele. Juzi mwalimu wetu wa maigizo alikuja nyumbani na kamera ya video begani, akanipa nafasi ya mjukuu aliyefiwa na bibi yake.

"Lia kwelikweli," akasema. "Kamera haidanganyiki."

Nikajitupa chini uani. "Bibi weee! Umeniacha na nani?"

Mama Neema wa jirani akaingia mbio, kanga kiunoni, akaangua kilio. Wakafuata wengine, huyu na kuni kichwani, yule na unga. Nikajisemea, mwalimu huyu kiboko, kaleta hadi waigizaji wa ziada! Nikawakumbatia mmoja mmoja, nikazidi kugaragara. Kumbe mwalimu naye alidhani nimewaalika mimi, akaendelea kurekodi.

Ndipo akatokea bibi yangu mwenyewe, katoka shamba, jembe mkononi, analia kuliko wote.

"Mjukuu wangu, tumefiwa na nani?"

Kilio kikakatika. Wote wakanigeukia, na kamera pia.

Nikapiga magoti. "Shikamoo, bibi."