Gari Lililonyamaza Tulipoliombea

Kanisani kwetu Kikima, gari jipya huombewa injini ikinguruma, mkono wa mzee ukiwa juu ya boneti. Kwa miaka mingi mkono huo umekuwa wangu, na injini nimezijua kwa kiganja. Ya petroli hutetema polepole kama mbuzi anayecheua. Ya dizeli, isiyohitaji cheche bali hubana hewa mpaka iwe moto na kuwasha mafuta, hunitikisa hadi kiwikoni. Kila mara nimestaajabu jinsi Mungu alivyompa mwanadamu akili ya kufungia moto ndani ya chuma.

Jumapili moja binti yangu alileta gari la umeme.

"Washa, mama, niombe," nikamwambia.

"Limewaka, Baba."

"Washa bwana, watu wanangoja."

"Limewaka tangu tulipotoka nyumbani!"

Akina mama wakaangua kicheko. "Labda limefunga na kuomba, Mzee," mmoja akasema.

Niliomba kwa ufupi. Kiganja hakikusikia kitu, na nilikuwa na shaka, kwa sababu kesho yake gari hilo ndilo lingempeleka mke wangu hospitalini, mjini Wote, akatolewe mtoto wa jicho. Miadi ya kwanza ilitupita pikapu yetu ya zamani ilipokufa njiani. Na hili je, likifika, litaweza kuupanda mlima wetu kumrudisha?

Asubuhi tukiteremka niliikodolea macho namba ya chaji, nikitarajia ishuke. Ikapanda.

"Imeharibika," nikasema.

"Hapana, Baba. Mteremko unazungusha magurudumu, magurudumu yanazungusha mota, na mota inarudisha umeme kwenye betri."

Mteremko ule nimeushuka maisha yangu yote nikinusa breki zikiungua, kumbe nguvu hiyo yote ilikuwa ikipotea bure.

Jioni tukaanza kupanda. Namba ilishuka kila kona, nami midomo ikawa inacheza.

"Unaomba nini?" mke wangu akauliza kutoka kiti cha nyuma, jicho moja chini ya bandeji, la pili bado lina ukungu.

"Tufike."

"Basi omba kwa sauti. Leo hakuna injini ya kushindana nawe."

Nikaomba kwa sauti, ile sala yote niliyoikata Jumapili, kona baada ya kona. Niliposema amina, tulikuwa tumeshasimama.

"Mbona tumesimama? Chaji imeisha?" mke wangu akauliza kwa hofu.

"Haijaisha," nikamwambia. "Shuka, mama. Tuko nyumbani."