Mwali wa Kizungu na kiota cha kasa: yaliyotukuta kambini Saadani

Salaam wakuu. Na nyie wadogo zangu na wanangu mliomo humu, marahaba, nawaitikia kabisa maana najua mngenisalimia.

Mimi ni msomaji wa kimya kimya wa miaka mingi. Leo nimeshika simu mwenyewe, mjukuu kakaa pembeni ananirekebishia pale kidole kinapoteleza. Ninayoyasimulia nimeyaona kwa macho yangu. Anayedhani ni chai, aje Bagamoyo nimpikie chai ya tangawizi, halafu anibishie uso kwa uso.

Kilichonichokoza ni kijana mmoja aliyeuliza humu juzi: hawa watoto wa Kizungu wanaokuja likizo kulinda wanyama, wanaondoka na nini kwetu zaidi ya picha?

Nikacheka peke yangu. Nikasema huyu ngoja nimsimulie habari za Lena.

Ilikuwa miaka ya sabini. Mwaka wenyewe sitautaja, msije mkanipigia hesabu ya umri.

Nilikuwa na miaka kumi na tano, nasoma, nalelewa na bibi yangu mzaa baba pale Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Shuleni tukaambiwa kuna vijana wa rika letu wanakuja kutoka Sweden kwenye likizo yao ya kiangazi. Watakaa kwanza majumbani mwetu wajue tunavyoishi. Kisha sisi na wao tutakwenda pamoja kupiga kambi Saadani, kwenye pori la wanyama.

Kazi kule zilikuwa kufukua mabwawa wanyama wapate maji, kufyeka njia za kuzuia moto, kung'oa mitego ya waya, na kulinda viota vya kasa ufukweni. Kwa ndugu zangu wa bara, kasa ni yule kobe mkubwa wa baharini. Hupanda mchangani akafukia mayai yake, akarudi zake majini asigeuke nyuma.

Bibi alikubali mgeni. Kambi akakataa katakata.

"Mtoto wa kike alale porini na fisi na wavulana?" akasema. "Hapo afadhali fisi."

Basi Lena akaja. Binti mrefu, miguu kama ngazi, uso wote madoadoa ya jua. Siku ya kwanza alimpa Bibi mkono kama anayesalimiana na mwalimu mkuu. Haukupita muda, shikamoo ilikuwa inamtoka kabla hajafika mlangoni.

Alitaka kufanya kila kitu. Alikalia mbuzi akakuna nazi, akakuna na vidole. Bibi akachungulia kwenye bakuli akasema, "Tui la leo lina nyama." Nilipomtafsiria, Lena alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Nadhani ni siku ile Bibi alipompenda.

Na alipompenda, kumkatalia ikawa ngumu. Lena alimpigia magoti, maneno yote nimemfundisha mimi jana yake: "Bibi, naniomba Zuhura." Zuhura ndiye mimi. Maneno yalitoka hivyo hivyo, yamepindapinda, lakini Bibi akaangalia pembeni, na mimi nikajua tumeshinda.

Sharti likawa moja. Somo yangu aende nami, na alale hema moja na mimi.

Hapa niwaeleze wasiojua. Kwetu Pwani, binti akivunja ungo mama yake mzazi hamfundishi kitu. Anatafutiwa mwanamke mzima mwenye heshima zake, ndiye anamweka ndani, anamlea zile siku, anamfundisha usafi na namna ya kukaa na watu, halafu anamtoa kwa shangwe. Huyo ndiye somo. Siri zako zote kwake. Ukigombana na dunia nzima, somo unamkimbilia.

Somo yangu alikuwa Bi Mize, mpika vitumbua. Mfupi, mnene, mcheshi, na hajawahi kulala nje ya ukuta wa nyumba tangu azaliwe.

Kiongozi wa wageni alikuwa Bwana Henrik, kijana wa ndevu na kaptula. Alikuwa ametangaza kila mtu abebe mfuko mmoja. Bi Mize akaja na godoro, mkeka, birika, sinia, mbuzi ya nazi na buibui lake, akapanda Landrova akakaa kiti cha mbele. Bwana Henrik alimtazama, akalitazama godoro, kisha akaenda kukaa nyuma na vijana.

Tulizungukia bara. Kiwangwa tukanunua mananasi, Bi Mize akawa anamenya na kugawa njia nzima, mpaka Bwana Henrik naye akawa anapokea kama mtoto.

Kambi yenyewe ilikuwa tamu, wakuu. Nilishika panga nikafyeka, mikono ikatoka malengelenge, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Tuliona tembo wakioga. Bi Mize alikuwa akipiga hodi kwenye kila hema kabla ya kupita mbele yake, hata likiwa tupu.

Lakini Lena yeye roho yake ilikuwa kwenye kiota.

Askari wa wanyamapori alikuwa amekizungushia miti tangu kasa alipotaga, kabla hatujafika. Mayai yalikuwa yanakaribia kupasuka. Lena alikwenda pale asubuhi na jioni, anafukuza kenge, anafukuza nguchiro, anakaa. Aliniambia darasani kwao alipokuwa mdogo palikuwa na picha ukutani ya watoto wa kasa wanakimbilia baharini, na yeye alikuwa akiitazama badala ya kusikiliza hesabu. Kwao ni mbali na bahari. Alikuwa amekuja upande wa pili wa dunia kuiona picha ile ikitembea.

Sasa sikilizeni.

Asubuhi moja aliniita hemani, kakunja uso, ananong'ona. Umri wetu ulikuwa mmoja, ila yeye alikuwa bado, na siku hiyo ikawa ndiyo siku yake. Akaniomba nimletee pamba kutoka kwenye sanduku la dawa, basi, yaishe.

Mimi ni mtoto wa Bagamoyo. Sikwenda kwenye sanduku. Nilikwenda mbio kwa somo yangu. Hata leo ningekwenda huko huko.

Bi Mize alikuwa anakoroga uji. Aliachia mwiko, akapiga kigelegele, halafu akakumbuka wavulana wako karibu, akajiziba mdomo kwa kiganja. Kikakatikia katikati.

"Somo yake nani?" akaniuliza.

"Hana."

"Hana? Nchi nzima ile?"

"Kwao hawana mambo hayo, somo."

Akafunga kanga kiunoni. "Basi anaye."

Kanga zikatundikwa hema zima. Mkeka ukatandikwa, maji yakachemshwa na mrehani. Lena akaogeshwa, akasingwa mwili kwa liwa, ule unga wa mti unaonukia, akanyweshwa uji wa pilipili manga. Akina mama wawili watatu wa kijiji cha jirani wakasikia, wakaja na kigoma kidogo. Mwali kaingia ndani, na desturi ni siku saba hatoki.

Mwanzoni Lena alifurahi mno. Aliniambia kwao angepewa pamba na kuambiwa awahi darasani. Huku amefanywa malkia. Usiku alikuwa akimlalia Bi Mize mapajani huku anasukwa, na hawaelewani lugha hata kidogo.

Halafu askari akaja na habari. Mchanga juu ya kiota umeanza kutitia. Watoto wanapanda, kesho hawavuki.

Na gari la kuwarudisha wageni lilikuwa linakuja kabla siku saba hazijaisha.

Nilipomwambia, Lena aliutazama mlango, kisha akajifunika kanga tena. Alikuwa amekielewa kile tulichomweleza, kwamba mwali akijitokea mwenyewe, aibu haimpati yeye, inampata somo yake. Wale mama wangeondoka na habari kwamba Bi Mize kashindwa na mwali wake.

Bwana Henrik akaja mlangoni. Uso umemwiva. Akasema kwa Kiingereza, "Lena, uko huru. Hakuna mtu wa kukufungia humu. Toka twende."

Bi Mize akaniuliza anasema nini. Nikamwambia. Akastaajabu si kwa maneno, bali kwa mwanaume kujua jambo lile na kulisemea mlangoni.

"Mwambie baba huyu akaangalie mahema yake."

Nilitafsiri kwamba anashukuru kwa kumjali mtoto.

Lena naye akajibu kutoka ndani ya kanga, "Najua niko huru, Henrik." Hakutoka. Lakini nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona machozi yanadondokea kwenye mkeka.

Wakuu, nilikuwa katikati. Huyu mgeni wangu, yule somo yangu. Wote wana haki. Nilitamani mayai yale yachelewe, nikaomba Mungu kabisa yachelewe.

Hayakuchelewa. Kulipokucha kulikuwa na mawingu na manyunyu, askari akaja anakimbia. Vichwa vimeanza kutokeza.

Bi Mize alikuwa ndiyo kwanza kamaliza kuswali. Alimtazama Lena, aliyekuwa amejifunika gubigubi anajifanya amelala. Akakunja msala wake. Kisha akaniuliza kama anayeniuliza bei ya mchele:

"Zuhura, mwali haruhusiwi kutoka ndani. Sasa kuna aliyesema ndani haihami?"

Yeye tayari anachomoa kanga kwenye hema.

Akawaita wale mama na wasichana wote, weupe kwa weusi. Kila mmoja akashika ncha ya kanga, tukazunguka pande zote nne, ikawa chumba. Lena katikati, kafunikwa kichwa mpaka miguu. Bi Mize mbele: "Simile! Simile, mwali anapita!" Tukateremka ufukweni hivyo, kuta zinatembea, tunakanyagana, tunacheka, manyunyu yanatupiga.

Wavulana alishawapanga. Wasimame mistari miwili mpaka kwenye maji, wafukuze kaa na kunguru, na wageuze migongo. Bwana Henrik naye akageuzwa. Alisimama na fimbo yake akitazama bahari, kila mara anauliza, "Vipi? Vipi huko?" na hakuna anayemjibu.

Tukakizunguka kiota. Ukawa ukumbi wa mwali na kiota ndani yake.

Bi Mize akafunua kanga usoni mwa Lena kwa mikono miwili, taratibu, vile mwali anavyofunuliwa siku ya kutolewa. "Haya mwanangu, tazama."

Mchanga ulikuwa unachemka. Wanatoka, wadogo, weusi, wanapandiana migongoni. Bi Mize akatuamuru tunyanyue pindo la kanga upande wa bahari, kiasi cha kiganja. Wakapita chini yake wanafuatana. Lena alipiga magoti, kajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, analia bila sauti. Mimi nalia. Mama mmoja akaanza kupiga kigoma, polepole.

"Na hawa nao leo wanatolewa," Bi Mize akasema. "Haya, nendeni. Mkawe na adabu huko."

Wa mwisho alipoingia majini, Bwana Henrik aligeuka bila ruhusa. Macho yake yalikuwa mekundu. Bi Mize akamwachia.

Nikamnong'oneza, "Lakini somo, umemfunua na siku hazijatimia."

"Zilizobaki nitamkalia mimi."

Na alimkalia kweli. Gari lilikuja, wageni wakaondoka, Lena kavaa kanga aliyofunuliwa nayo na hataki kumwachia Bi Mize shingo. Sisi tuliporudi Bagamoyo, Bi Mize akaingia chumbani kwake akajifungia siku zote zilizosalia. Mtaa mzima ukakosa vitumbua. Wateja wakigonga, anawajibu dirishani, "Nipo ndani, namkalia mwanangu wa Sweden."

Miaka ikaenda. Bi Mize akatangulia mbele ya haki, nikamwandikia Lena, naye akanijibu karatasi imelowa.

Kisha siku moja, nina watoto wakubwa sasa, nasikia mlangoni hodi. Mara moja. Mara ya pili. Hodi ya mtu aliyefundishwa, anayesubiri aitikiwe.

Nikafungua. Lena, nywele zimeanza mvi, na pembeni yake binti mwenye miguu kama ngazi na madoadoa usoni. Mkononi Lena ameshika ile kanga, imepauka, imekunjwa vizuri.

"Nimemleta kwa somo yake," akaniambia.

Nikashikwa na huzuni. "Lena, si nilikuambia? Bi Mize hayupo."

"Najua," akasema. Akanikabidhi kanga. "Nimemleta kwako. Siku yake ilipofika nilimwambia asubiri, huku ndiko anakowekwa ndani."

Yule binti akainama. "Shikamoo, somo."

Nilipiga kigelegele, wakuu. Nilikipiga mpaka majirani wakatoka nje, na safari hii sikujiziba mdomo.

Basi kijana uliyeuliza wanaondoka na nini, jibu lako ndilo hilo. Wengine picha, sikatai. Mwingine anaondoka na mama. Na mimi nilijifunza kwa Bi Mize kwamba desturi ukiipenda utaitafutia njia ya kupita na mtu unayempenda. Anayeishika ili kumuumiza mwenziwe, huyo ana lake jambo.

Mwenye somo yake yu hai ampigie simu leo. Na nyie wa Pangani, Tanga, Kilwa na kwingineko, kwenu mwali alitolewa vipi? Nasoma zote, mjukuu yupo.

Wanaume nanyi karibuni kuchangia, ila geuzeni migongo kwanza.