Nilivyomtafsiria Baba Neno "Average"

Sisi tuliokulia kando ya mashamba ya miwa huku Awendo, tukasoma kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watu, tulikua na masizi. Shamba likichomwa kabla ya kukatwa, masizi yalipeperuka hadi kwenye nguo zilizoanikwa, na mama zetu walilalamika mchana kutwa. Tulicheza kati, wa katikati akikwepa mpira wa makaratasi uliofungwa kamba. Wasichana tuliruka blada, ile kamba ya mpira, mpaka magoti yakawa mekundu kwa vumbi. Trekta la miwa likipunguza mwendo kwenye kona, tulilikimbilia, tukachomoa mua na kuutafuna hadi midomo ikachubuka. Mtoto wa leo ukimpa mua anakuuliza kisu kiko wapi, na nani atammenyea.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa Kiingereza, mwanamume mrefu aliyevaa koti lilelile jua likiwaka au mvua ikinyesha. Yeye ndiye aliyetufundisha maneno ya ripoti. Aliyaandika ubaoni kutoka juu kwenda chini: Excellent, Very good, Good, Average, Fair, Poor. Tuliyaimba mpaka hata watoto wa chekechea wakayajua. Siku moja alituambia kwamba wengi wetu ni Average, na kwamba hapo si pabaya, maana mtoto wa hapo akishikwa mkono kidogo tu anasonga mbele. Maneno hayo niliyasikia vizuri. Sitaki kujidanganya kuwa sikuyasikia.

Baba alikuwa mkata miwa. Alisoma Biblia yake ya Dholuo bila shida, lakini Kiingereza kilimpiga chenga. Kwa hiyo kila muhula ulipofungwa, mimi ndiye niliyemsomea ripoti zetu, yangu na ya dada yangu Adhiambo. Mimi nilikuwa darasa la sita, yeye la saba. Nilipenda kazi hiyo kuliko chakula. Nilijiona mtu mkubwa nikimwona baba mzima akinisubiri nifungue mdomo.

Adhiambo ndiye kifungua mimba wetu. Alfajiri aliteka maji mtoni mara mbili, akapika uji, akamwogesha mdogo wetu, akanisuka nywele, ndipo akakimbia shule na kufika kengele imeshalia. Jioni mimi nilifungua vitabu, yeye akasonga ugali. Ukoko wa sufuria alinibakishia mimi. Wakati huo sikuwaza kwamba nambari zangu nzuri zilitoka mikononi mwake.

Mwisho wa mwaka ule, shangazi yetu wa Kisegi, kando ya ziwa, aliyekuwa na biashara ya omena, wale dagaa wadogo, alikuwa ameomba apelekewe msichana wa kumsaidia. Baba hakuwa amemjibu. Tulipoleta ripoti, alikaa kwenye kiti chake cha kamba, mikono bado myeusi kwa masizi ya miwa.

"Soma," akaniambia.

Nikaanza na yangu. Very good. Baba akatabasamu. Kisha nikafungua ya Adhiambo. Mwalimu wa darasa lake alikuwa ameandika mstari mmoja tu: An average pupil.

"Average ndiyo nini?"

Adhiambo alikuwa amesimama mlangoni, mdogo wetu mgongoni. Alinitazama. Ningeweza kusema anaendelea vizuri. Ningeweza kurudia yale ya mwalimu, kwamba akishikwa mkono atasonga. Lakini nilitaka Baba aone jinsi ninavyokijua Kiingereza.

"Ni mtu wa kawaida tu, Baba," nikasema. "Hayuko juu, hayuko chini. Ni kama chai isiyo na sukari. Unakunywa tu kwa sababu ipo."

Mama alikuwa akichagua maharagwe. Mkono wake ukasimama.

"Wa kawaida tu," Baba akasema polepole, kama mtu anayejifunza neno. Akakunja ripoti. Mama alijaribu: "Mngoje amalize la nane, baba Adhiambo." Baba akajibu, "Amalize ili iwe nini? Umesikia mtoto alivyosoma."

Wiki hiyohiyo Adhiambo alipelekwa Kisegi. Alibeba mfuko mmoja. Aliniambia, "Jifunze kujisuka, Akoth." Kumbe huko ndiko kuagana.

Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne. Nikapata C, na kila anayejua mtihani wetu anajua hiyo ndiyo katikati kabisa. Leo nauza vyombo vya plastiki sokoni Uriri. Baba alifariki akiamini alimsomesha mtoto aliyestahili.

Desemba iliyopita nilikwenda Kisegi. Nilikuwa nimebeba jambo hili miaka yote, na mwili umeanza kuchoka. Nilimkuta dada yangu ameinama juu ya wavu, akigeuza omena juani. Mgongo wake haunyooki tena. Nilimsaidia kugeuza, na tukiwa hapo nikamwambia yote: kwamba nilijua maneno mengine, nikachagua yale.

Hakuinua kichwa. "Akoth, mimi nilikuwa darasa la saba. Wewe la sita. Unafikiri sikujua average ni nini?"

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilikuwa naomba udanganye. Kidogo tu."

Nikalia. Yeye akaendelea kugeuza omena, akasema, "Ulikuwa mtoto," kama mtu anayesema mvua haijanyesha. Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka ziwani, akaniita tukusanye haraka kabla hazijalowa.

Siku hizi mambo ni mengine. Ripoti ya binti yangu inakuja kwa simu, na hawaandiki tena Average wala Poor. Wanaandika Approaching expectations, yaani anakaribia kinachotarajiwa, kama mtoto yuko safarini na gari limechelewa kidogo. Binti yangu anacheka, anasema, "Mum, iko sawa tu, usijam," yaani nisikasirike, na anarudi kwenye simu yake. Wazazi wakikutana kwenye mlango wa shule wanabishana na walimu, kila mmoja anajua kila neno, na hakuna mtoto anayetolewa darasani kwa sababu ya mstari mmoja. Tunawacheka watoto hawa kwamba ni laini, wanabembelezwa, hawajui kuamka alfajiri. Nami huwacheka na wenzangu. Kisha nafunga kibanda, narudi nyumbani, nawaza jinsi dada yangu angekaa kwenye dawati miongoni mwao, akiambiwa kwamba anakaribia.