Mke wa Kuazima

Mimi nina mdomo. Nilikuwa nao tangu usichana wangu kule Ukambani, na ndoa haikuupunguza. Lakini siku ile Kajiado, kwenye ofisi ya bodi ya ardhi, mdomo ulinikauka kabisa.

Kanisa letu la Kitengela lilikuwa likiabudu ndani ya hema la turubai, na upepo wa huku mnaujua. Basi mzee wa kanisa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akatuletea habari kwamba kuna Mmasai anauza shamba karibu na barabara. Mimi ndiye nilikuwa kiongozi wa akina mama. Niliwafungisha siku tatu bila chakula, tukamlilia Mungu atupe ile ardhi.

Sasa, mtu hauzi shamba la familia hivi hivi. Lazima aje mbele ya bodi na mke wake, na mke aulizwe kama amekubali. Tulienda watatu kwa niaba ya kanisa: pasta, mzee wa kanisa na mimi. Muuzaji alipoingia nilimtambua papo hapo. Mke wake ndiye alikuwa akiniletea maziwa kila asubuhi kwa miaka minne. "Takwenya," namsalimia kwa Kimasai, "iko," ananijibu, tunacheka, anapima maziwa. Nilienda hata bomani kwao kumwona alipojifungua. Nyuma ya muuzaji akaingia mwanamke wa shuka na shanga hadi mabegani. Hakuwa yeye.

"Pasta," nikanong'ona, "huyu si bibi yake."

Pasta hakugeuka. "Dada, tulia. Hii ni kazi ya Mungu."

Ala! Kumbe alijua. Mzee wa kanisa naye akanikazia macho. Mume wangu alikuwa dereva wa lori lake, na nyumba tuliyokuwa tumepanga ilikuwa yake.

Mwenyekiti wa bodi akauliza, "Mama, umekubali hii shamba iuzwe?" Yule mwanamke akaitikia kwa kichwa. Mwenyekiti akavuta muhuri karibu. "Kuna mtu ako na pingamizi?"

Nilimwomba Mungu amtume mtu mwingine. Haki ya Mungu, hivyo ndivyo nilivyoomba. Muhuri ule ukishuka, mwenzangu wa maziwa angeamka siku moja akute watu wanachimba msingi penye zizi lake. Nikasimama.

"Huyo si mke wake. Mke wake ako nyumbani, na hajui tuko hapa."

"Na wewe ni nani wao?"

"Ananiuzia maziwa."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Alimgeukia yule mwanamke akamwambia ataje watoto wake wote, kuanzia kifungua mimba. Akataja mmoja, akamtupia muuzaji jicho, akanyamaza. Faili ikafungwa. Pasta na mzee wa kanisa walirudi Kitengela na gari lao bila mimi.

Kabla sijafika nyumbani, mume wangu alikuwa ameshapigiwa simu na mzee wa kanisa. Jumapili nisimame mbele ya kanisa, niombe msamaha kwa kuwasingizia watumishi wa Mungu. Nikikataa, yeye hana kazi na sisi hatuna nyumba.

"Mama watoto, sema tu," akaniomba. "Ni maneno tu. Mungu anajua roho yako."

"Na mimi najua mdomo wangu," nikamjibu, kisha nikaingia jikoni nikalia. Nilikuwa na hasira na yeye, na pasta, na hata na Mungu mwenyewe. Nilimuuliza waziwazi kwa nini aliniachia kazi hiyo mimi, mwenye watoto watatu wa kulala chini ya paa. Wiki nzima akina mama niliokuwa nikiwaongoza walinipita sokoni kama hawanijui. Mwenzangu wa maziwa hakuja tena. Nilisikia mumewe amemkataza kukanyaga mlangoni kwangu.

Jumapili hema lilijaa pomoni. Pasta akaniita mbele, akanipa kipaza sauti huku akitabasamu. Mume wangu alikuwa upande wa wanaume, ameinamisha kichwa.

"Naomba msamaha," nikaanza, na mzee wa kanisa akaitikia amina. "Niliwafungisha siku tatu mkiomba shamba la mwanamke ambaye hakuwa akiliuza. Hiyo ndiyo dhambi yangu. Lakini kwa yale niliyosema kwenye bodi, ng'o, siombi msamaha."

Kipaza sauti kikazimwa. Hakuna aliyesema amina. Nikamwona mume wangu anainuka, anatoka bila kunitazama, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kuliko siku ile ya bodi. Nilitembea na watoto hadi nyumbani nikitafuta maneno ya kumwambia.

Tulipofika, mkokoteni wa kukodi ulikuwa mlangoni. Yeye alikuwa ndani, ameshavua shati la kanisa, anafunga godoro kwa kamba.

"Shika huo upande," akaniambia.